Bendera Haitazami Nyuma

Kanisa letu la Silanga lilikuwa na sheria mbili za safari. Ngoma ikinyamaza njiani, msafara unarudi nyumbani. Na mshika bendera hatazami nyuma mpaka afike aendako. Ya tatu hatukuhitaji kuitamka: ngoma ilikuwa ya wanaume. Wanawake walipewa ndoto, unabii, ufagio na sufuria.

Mpiga ngoma nilikuwa mimi, Osewe, na sikuona kasoro yoyote katika mpango huo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na niliamini hakuna mkono kama wangu Nairobi nzima. Dada yangu Celine alipoomba ajaribu, nilimcheka.

"Wewe uza hivyo visamaki vyako vya omena."

"Sawa tu. Siku moja utaniomba, boss."

Jioni nyingi alikwenda kwa jirani yetu Bi Zamzam, mama wa Kinubi ambaye yeye na wenzake hupiga ngoma za harusi. Nilidhani wanapiga stori tu.

Jumapili moja ya mwaka 1996 tulitoka kufungua tawi letu la Kawangware, kwenye kituo cha matatu cha 46. Wenzetu wa huko walikuwa wamejenga miezi minane, na mlango haungefunguliwa bila bendera kufika. Siku moja kabla nilikuwa nimejikata kiganja cha kulia kwa mabati nikiunda sanduku. Asubuhi ya safari Celine alinyoosha mkono apokee ngoma. Nikamsukuma, nikafunga kitambaa kwenye jeraha, nikajivika mkanda wa ngoma begani.

Baba Askofu Dalmas alitangulia na bendera. Mimi nilifuata, kisha watu wote na kanzu zao nyeupe. Hadi Ngong Road nilikuwa mwanaume. Tulipofika Dagoretti Corner kitambaa kilikuwa chepechepe kwa damu, na kijiti kikaanza kuteleza. Nikakosa pigo moja. Nikakosa la pili. Miguu ya watu ikaanza kusita.

Celine hakuniuliza. Alininyang'anya vijiti, akapiga huku ngoma ikiwa bado begani kwangu, tukaenda hivyo hatua kadhaa kama mbuzi wawili wa kamba moja, hadi nilipomvisha mkanda.

Wacha nikwambie, ngoma ile haikuwa imewahi kusema vile. Kulikuwa na mdundo wetu, na ndani yake mwingine uliokuwa ukicheka. Watoto wa barabarani wakaingia msafarani. Konda wa matatu akashuka kucheza.

"Osewe!" Askofu alipaza sauti, macho mbele. "Leo Roho amekushukia! Siku zote ulikuwa unatwanga mahindi!"

Msafara mzima ukaangua kicheko. Masikio yakanichoma.

"Mkono huu," akaendelea, "ndio utapiga ngoma Kawangware kila Jumapili!"

"Amina!" wakajibu akina mama, kwa sauti kubwa kuliko siku nyingine yoyote.

Mama Kageha, kiongozi wao, hakuridhika. "Rudia, Baba! Huku nyuma hatujasikia!"

Akarudia. Mara tatu.

Tukafika. Waliotungoja walikuwa wamejaa uwanjani. Mbele ya mlango Askofu akageuka ambariki mpiga ngoma, kama ilivyo desturi, akamkuta Celine, jasho likimtiririka chini ya kilemba. Mkono wake wa baraka ukabaki hewani. Celine hakuacha kupiga. Bendera ilikuwa bado nje, na ngoma ingenyamaza tungerudi Silanga sote.

"Osewe, hii ni nini?" Askofu alilazimika kupiga kelele.

"Ni Celine, Baba."

"Naona ni Celine! Nani amemfundisha?"

"Bi Zamzam," Celine akajibu bila kupoteza pigo.

"Yule Mwislamu? Kwao wanawake wanapiga ngoma?"

"Harusini wanapiga, Baba. Msikitini wanakaa nyuma. Kama sisi tu."

Akina mama wakaguna. Askofu akanigeukia. "Chukua ngoma yako tuingie."

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Kwa hatua zile chache ningeweza, na kila mtu alijua. Celine alinitazama, akapunguza sauti ya ngoma, akaanza kuvua mkanda huku mkono mmoja ukiendelea kupiga. Hakuomba.

"Siwezi, Baba," nikasema. "Mimi natwanga mahindi. Umesema mwenyewe, barabara nzima imesikia."

Tumbo la Askofu likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka. Akaweka mkono juu ya kilemba cha Celine.

"Na nimesema kila Jumapili, sindio?"

"Mara nne!" akasema Mama Kageha.

Vigelegele vilipasuka hadi mabati yakalia. Bendera ikaingia, Celine nyuma yake, akipiga kwa nguvu zote. Mimi nilikuwa navuka kizingiti nilipovutwa kanzu.

"Wewe wa mahindi," Mama Kageha akaniambia, akinitwika sufuria ya maharagwe begani. "Jikoni ni huku."