Mguu wa Sumire

Uvumi huo uliletwa kibarazani kwangu na Mwasiti, binti wa kaka yangu anayeuza simu sokoni, na tangu aulete haukunitoka kichwani. Hata kukaa hakukaa. "Shangazi, umesikia? Kile kitabu cha Rukaiya, Wazungu wanakifanyia filamu, na watu kabisa, si michoro. Eti yule kilema hatakuwa kilema tena!" Akacheka, akaenda zake. Nikabaki na gauni la watu kwenye cherehani, na mwanangu Rukaiya kasimama mlangoni, kasikia yote.

Wazazi wenzangu, naandika kwa ajili yenu, kwa hiyo niwaeleze. Rukaiya ana miaka kumi na mitano na ana kigugumizi. Mbele za watu hasemi. Lakini ana vitabu vya katuni vya Kijapani, wenyewe wanaviita manga, na kila mchana nikishona yeye hunisomea, ananigeuzia Kiswahili. Hufunguliwa kutoka kulia, kama juzuu, na mimi niliyeishia darasa la saba sikupata taabu, maana chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilipita. Ndani yake mna msichana anaitwa Sumire, mfinyanzi, mguu wake mmoja mfupi, na maneno yake machache. Kuna kurasa nzima hazina neno. Akifika hapo Rukaiya hunyamaza, ananionyesha, nami nasimamisha cherehani tunatazama wote wawili. Na akisoma kwa sauti ya Sumire, mwanangu hakwami sana. Siku ile ya uvumi alivitia vyote kwenye kiroba, akakifunga kamba, akakisukuma mvunguni. Siku ya tatu alikuwa hajasema neno, hata kwangu. Mchana huo niliacha kushona. Nikalaza kichwa juu ya cherehani, usingizi ukanichukua.

Nikaota niko katika nchi nyeupe isiyo na rangi ila wino. Ardhi ilikuwa laini kama karatasi, milima imechorwa kwa mstari mmoja, na mvua ilikuwa vistari vinavyoteremka bila kulowesha. Nchi yenyewe imegawanywa vyumba vyumba, nami nilivivuka kuelekea kushoto, na kila nilipokosea nikaenda kulia nilikutana na mambo yaliyokwisha pita. Hapo akanijia mwanamke mrefu, kabeba kichwani sinia lililofunikwa kawa. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Mimi ni Amana. Nifuate, usinitangulie." Nikamuuliza sinia lina nini. "Sijui. Si langu. Nimepewa nilifikishe, sikupewa nilifunue."

Tukafika mpakani, wino ukakoma, zikaanza taa kali za kuumiza macho, na jua la huko limefungwa kamba, watu wenye jasho wanalivuta huku na huku. Nje ya uzio walijaa watu wa kila lugha, kila mmoja kakumbatia kitabu chake, wakilia, "Jamani, mwacheni alivyo!" Mlinzi wa lango, jina lake Dharau, akawatemea kokwa za tikiti. "Watu wazima mnalilia katuni! Si ndio ninyi mtakaokuja kupanga foleni ya kwanza?"

Ndani walikuwa watatu. Tamaa alijaza kiti akabaki mwingine wa kuning'inia. Ujuaji alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Haraka hakukaa, na alivaa kiatu kimoja, cha pili hakukipatia nafasi. Ujuaji akachukua kitabu cha Sumire, akakifungua kutoka kushoto.

"Mbona bibi yake anazikwa kwanza, halafu anaumwa, halafu anacheka?"

"Hawa hawajui kusimulia," akasema Tamaa. "Tutawapangia sisi."

Nikashindwa kujizuia. "Umekishika nyuma mbele, wewe!"

Ujuaji akanitazama kuanzia kandambili. "Mama, umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

Wakacheka hadi jua likatikisika kwenye kamba yake.

Kisha wakamleta Sumire mwenyewe, wakamkalisha kwenye kigoda. "Mguu huu nani ataupenda?" akasema Tamaa. "Unyosheni. Na huu ukimya, jazeni maneno, hata ya upuuzi." Haraka akauvuta mguu kama anayevuta mpira, na wengine wakamjaza maneno kinywani kama pamba kwenye mto. Alipokuwa hatambulikani, wakamtoa, wakaleta msichana mwingine mwenye hofu usoni, wakamvika jina la Sumire kama nguo ya kuazima. Mara jiwe likaruka kutoka uzioni, likampiga msichana yule wa watu kwenye paji. "Aliyelirusha ni Hasira," akasema Amana. "Tazama vizuri. Aliyeitwa jana aje kufanya kazi ndiye anayetoka damu. Hao watatu hawajaguswa."

Nikawaendea mbio, nimekusudia kuwararua. Haraka akanipisha kwa adabu zote. "Karibu, fundi. Tulikuwa tunakungoja." Nikajitazama: mkononi nina mkasi, shingoni utepe wangu wa kupimia. Na kwenye kigoda Sumire karudishwa, kanigeukia, uso ni wa Rukaiya. Akafungua kinywa. "N-n-na..."

"Njaa?" nikamdakia. "Unataka maji? Unataka kulala?"

Midomo yake ikajifunga, ikawa mstari mmoja wa wino.

"Alikuwa hajamaliza," akasema Amana, taratibu, na sinia kichwani mwake halikutikisika.

Nikashtuka, shavu limechorwa alama za mishono. Nikakumbuka dukani, mimi ninavyomsemea. Nikakumbuka zahanati, mganga anamuuliza yeye, ninajibu mimi. Nikakumbuka ninavyowaambia majirani, "Akikua atanyooka." Wale watatu bado siwapendi, na filamu yao, kama kweli ipo, sitaitazama hata kwa kuchungulia. Lakini mkasi niliujua ni wa nani.

Rukaiya alikuwa kasimama mlangoni. "N-n-n..." Nikauma ulimi. Nikaanza kuhesabu mishono ya lile gauni, nikafika kumi na tisa.

"Nataka ku-kukusomea. La-lakini mama, wakim-wakimnyosha?"

"Kilichomo kirobani hawajakigusa," nikamwambia. "Kilete."

Wazazi wenzangu, jiepusheni na haya:

Kukifungua kitabu cha watu kutoka upande mliouzoea ninyi.

Kuleta uvumi mbele ya mwenye kuumia, kisha kucheka na kuondoka.

Kumdhihaki mtoto anayemlilia mtu wa michoro.

Kumpiga mawe msichana aliyetumwa, mkawaacha waliomtuma.

Kumnyosha ambaye hakuomba kunyoshwa.

Kujaza maneno palipoachwa kimya.

Kummalizia mtoto neno lake, hata likichukua mishono kumi na tisa.