Mwanamke wa Shali Nyekundu

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya nchi za mbali, na lugha yake hakuna aliyeijua pale nyumbani. Ikifika saa nne asubuhi, mama mkwe amekwishakaa kwenye kochi, sikio kalitega. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho, akabaki anaona vivuli na rangi tu.

"Nisomee, mwanangu. Wanasemaje?"

Mke wa mwanawe, huku akishona vifungo vya sare za shule alizoletewa na fundi, alimsomea maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya kioo cha runinga. Au tuseme, alijaribu. Kusoma alijua, aliishia darasa la saba na mwandiko wake ulisifiwa. Lakini maandishi yale yalikuwa na haraka kama yanafukuzwa. Akifika neno la tatu, yamekwenda. Wiki ya kwanza alitaja nusu aliyoisoma na nusu aliyoikisia. Wiki ya pili akaona kukisia ndiko kwepesi.

Angesemaje kwamba yanamshinda? Siku alipoingia nyumba ile, wifi yake, mwalimu wa sekondari, alimuuliza mbele ya watu ameishia wapi. "Kidato cha nne," mdomo ulijibu kabla yeye hajajijua.

Basi yule mwanamke wa shali nyekundu, aliyekuwa akimvizia binti wa kwenye hadithi kila kona, yeye akamfanya mama mzazi wa binti huyo, aliyepotezana naye tangu uchanga. Ile rangi nyekundu mama mkwe aliiona. Ikipita tu, machozi yanamtoka.

"Umri wangu wote huu," alisema, "sijapata tamthilia kama hii. Nyingine zote walikuwa wanacheza."

Ijumaa alimshika mkono mama mkwe, akampeleka kusukwa. Kumbe saluni nako wanaitazama.

"Bibi, umemuona yule shetani wa shali nyekundu?" msusi alisema. "Ndiye aliyechoma nyumba ya kina binti!"

"Nani? Mama yake mzazi achome nyumba? Acha uzushi wewe! Juzi si kamwonyesha blanketi alilofunikwa alipozaliwa?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. "Bibi, hiyo ya kwako inaonyeshwa stesheni gani? Tuambie na sisi tuhamie!"

"Mwanangu, waambie hawa."

Macho yote yakamgeukia. Akainama, akaanza kurekebisha kandambili isiyokuwa na shida yoyote. "Mimi... siku hiyo nilikuwa nashona, mama. Sikutazama vizuri."

Kicheko kikakatika. Msusi aliendelea kusuka polepole, kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Jioni hiyo hiyo msusi akampigia simu wifi, kwamba bibi amechanganyikiwa.

Jumapili wifi akaja, hata maji hakunywa. Akamuuliza mama yake leo ni siku gani, mjukuu wake wa kwanza anaitwa nani, jana walikula nini. Mama mkwe alijibu yote, ila kwa woga, kama mtu anayevuka mto asioujua kina.

"Jumatano nampeleka kwa daktari wa akili," wifi alisema mlangoni. "Akitoka huko atakaa kwangu. Hapa naona hana wa kumwangalia."

Jumatatu ikagonga saa nne na runinga haikuwashwa. Mama mkwe aliugeukia ukuta, akaanza kuwataja wanawe kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na wawili aliowazika. Akafika mwisho, akaanza upya. Safari ya tatu akamruka mmoja. Akajipiga paja.

"Kweli, akili zinanitoka," alinong'ona.

Sindano ikamchoma kidole mke wa mwanawe. Akaiweka sare chini, akapiga magoti mbele ya kochi.

"Mama, huna ugonjwa. Hadithi ile niliitunga mimi. Yale maandishi siyawahi."

"Huyawahi vipi, na kidato cha nne?"

"Sekondari hata mlango wake sijaugusa, mama."

Mama mkwe akajishika kichwa. "Kwa hiyo akili zangu ninazo."

"Unazo zote."

"Na saluni ulisikia wananicheka."

"Nilisikia."

"Na hapa, tangu asubuhi nahesabu watoto wangu, unanisikia."

Afadhali angetukanwa. Mama mkwe alipapasa kochi mpaka akaipata simu, akamnyooshea.

"Mpigie wifi yako. Weka sauti nje."

"Mama, Jumatano akija nita..."

"Sasa hivi."

Simu ikapokelewa haraka. Nyuma yake zilisikika sauti za walimu wakicheka ofisini. "Wifi? Mama kazidiwa?"

"Hapana, wifi. Mama mzima. Mimi ndiye..." Akayasema yote, na darasa la saba akalisema. Kule ofisini vicheko vikafifia kimoja kimoja, akajua anasikika chumba kizima.

Wifi alivuta pumzi ndefu. "Sawa," alisema, akakata.

Alidhani yamekwisha. Alipoinua uso, mama mkwe alikuwa amesimama, anatafuta viatu vyake kwa mguu.

"Nishike mkono," alisema. "Kwa msusi muda huu hawakosi kuwa wengi."