Mtoto Hakulia

Mwanamke aliyekuwa jukwaani alikuwa akipiga pasi shati la mwanamume ambaye hatukumwona, na kila alipogeuza kola alitoa jambo jingine kuhusu mtoto. Kwanza alitaja mji. Kisha akataja umri wake mwenyewe, miaka kumi na sita. Aliposema kwamba blanketi lilikuwa la kijani, na kwamba lilikuwa la mama mwenye nyumba, nilihisi Mama ubavuni mwangu anaanza kuvua glovu zake nyeupe, kidole baada ya kidole, taratibu, kama mtu aliyegundua kuwa ameingia nyumba isiyo yake.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Machi ya mwaka 1981, Philadelphia. Tulitoka kanisani tukaja moja kwa moja. Mama alikuwa mmoja wa wanawake wanaopokea waumini mlangoni, ndiyo maana ya zile glovu, na hakutaka kurudi nyumbani kubadilisha nguo asije akakosa mwanzo. Tulikaa safu ya tatu. Ukumbi ulikuwa duka la samani zamani, na chini ya harufu ya rangi mpya ulibaki na harufu ya ngozi za makochi. Tiketi alituletea Thaddeus Boykin, mtunzi wa tamthilia yenyewe.

Sikugeuka kumtazama Mama. Maneno yale niliyajua. Wahenga husema siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa siri ile kata nilikuwa mimi peke yangu.

Naitwa Odessa Pettiford, lakini aliyecheza disko miaka ile alinijua kwa jina la Dessa Ford. Kampuni ya santuri ililipunguza jina langu kama fundi anavyopunguza pindo la sketi. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa jukwaa. Nikiwa na miaka kumi na minne, Thaddeus aliandika michezo kwenye daftari la hesabu nami nikaigiza wanawake wote waliokuwemo, wakiwemo wazee na wafu. Alikuwa mwembamba, hana mama, analelewa na mjomba asiyezungumza. Kila Ijumaa alikuja kula samaki kwetu. Mama alimwekea upande wa mkia, ule uliokauka vizuri, kwa kuwa aliupenda, na hata mimi nilipouomba sikupewa.

"Huyu ana njaa ambayo si ya tumbo," Mama aliniambia siku moja akisugua kikaango. "Mwache ale."

Mwaka 1976 nikarekodi wimbo mmoja, alasiri moja, nikiwa na mafua. Sauti ilikuwa imekwaruza kidogo, wakaipenda hivyo hivyo. Miaka mitatu nikaishi chini ya matufe ya vioo: Detroit, Miami, Montreal, magauni yaliyomeremeta hadi yakawa mazito kama magamba. Watu wa disko hawakusikilizi. Wanachukua kwako mdundo wanaouhitaji na kukuacha umesimama. Nisiseme uongo, nilipenda. Nilipenda kuchukuliwa.

Halafu, kiangazi cha 1979, redio zikabadilika ndani ya wiki chache. Watu walikuwa wakivunja santuri za disko hadharani huku wakicheka. Pale kampuni simu ikaita weee bila kupokelewa. Nikarudi kwenye chumba changu cha usichana na masanduku mawili ya magauni, yakawa yanapukutisha vimetameta vyake juu ya zulia la Mama, naye akavifagia kila asubuhi bila neno.

Aliyekuja kunitafuta alikuwa Thaddeus.

"Nakuandikia mchezo," alisema, amesimama mlangoni na theluji mabegani. "Mwanamke wa hapa hapa kwetu. Dobi. Hana hata nguo moja ya kumeremeta. Watakusahau ulivyokuwa, Dessa, watakuona ulivyo."

Nani angekataa? Majira yale yote ya baridi tulikaa jikoni kwake kila alasiri, kinasa sauti kati yetu kando ya chupa ya pilipili. Aliuliza, nikajibu. Nilimweleza jinsi Mama alivyonyoosha mashati ya hoteli tangu nikiwa tumboni, jinsi mkono wake wa kulia ulivyokuwa mnene kuliko wa kushoto, jinsi alivyoweza kumjua mtu kwa shati lake: huyu ana wasiwasi, huyu mkewe amemkimbia. Thaddeus alicheka, akaandika. Na siku moja ya Februari nikamweleza habari ya Ellis.

Mama aliniambia mara moja tu, siku moja kabla ya safari yangu ya kwanza. Alikuwa ananipangia sanduku. "Usije ukaacha kitu mahali ukidhani utarudi kukichukua," alisema, nami nikadhani anazungumzia soksi. Kisha, bila kuacha kukunja, akanieleza. Akiwa na miaka kumi na sita, huko South Carolina, alizaa mtoto wa kiume akamwita Ellis. Alimwacha kwa mama mwenye nyumba ili aje kaskazini kutafuta kazi kwanza. Aliandika barua, ikarudi. Alipokwenda mwenyewe alikuta watu wengine wanaishi mle, na hakuna jirani aliyejua wale wa kwanza walihamia wapi. Baba yangu alikufa hajui kitu. "Sasa unajua wewe," alisema, akafunga sanduku, akalikalia ili likubali kufungika.

Miezi minane nilifanya mazoezi ya mchezo wa Thaddeus. Katika kurasa nilizopewa, Ellis hakuwemo. Nilimwomba asimweke, akaapa kwa kaburi la mama yake.

Januari akaniita kwenye mkahawa ulio karibu na ukumbi. Aliagiza mayai na hakuyagusa.

"Wafadhili wanaogopa," alisema. "Wanasema watu wakikuona watakaa wakingoja uanze kucheza disko."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema mchezo lazima uonyeshwe."

Nafasi yangu alipewa Corliss Wray, mwigizaji kutoka New York, mwenye sura nzuri ya huzuni. Nilipanda tramu nikaenda nyumbani nikamwambia Mama kwamba koo langu linahitaji kupumzika. Tiketi mbili zilipofika, mimi nilikwenda kwa kiburi, ili Thaddeus aone sijaumia. Mama alikwenda kwa upendo. "Kijana wetu amefika mbali," alisema akijitazama kwenye kioo, akanyoosha kofia.

Sasa Corliss Wray aliweka pasi chini. Nyuma ya pazia mtoto mchanga akaanza kulia, mbali, kisha karibu, kisha kila mahali, na Corliss akaziba masikio akatembea kwenda kwenye mlango uliochorwa ukutani. Nilisikia watu wakipenga kamasi. Mwanamume aliyekuwa mbele yetu alijifuta macho kwa tai yake. Taa ziliporudi ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi, tukabaki sisi wawili tumekaa, tukizungukwa na migongo ya watu.

Thaddeus alitukuta kwenye ukumbi wa mbele. Alivaa koti la mahameli ya kahawia, mikono ameitandaza. Alipouona uso wa Mama mikono ikashuka.

"Bi Luvenia. Umekuja."

"Nimekuja."

"Nilitaka sana uone. Ni heshima, Bi Luvenia. Ni heshima kwako."

Mama alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akitazama doa kabla hajaamua kama litatoka.

"Mtoto hakulia," alisema.

"Samahani?"

"Kwenye mchezo wako umemfanya alie. Hakulia. Alikuwa amelala. Angelia, nisingeondoka."

Thaddeus alinigeukia mimi, kama mtu anayetafuta aliyemwelekeza njia mbovu, na Mama aliuona ule mtazamo. Aliufuata kutoka macho yake hadi usoni kwangu. Kile kilio nilikitia mimi.

"Odessa," alisema, "nipe koti langu."

Kwenye tramu tulikaa kiti kimoja. Nje watu walikuwa wakitoka makanisani na sahani zilizofunikwa. Kwenye kituo cha sita akauliza.

"Ulimwambia lini?"

"Mwaka jana. Februari."

Alihesabu kwa vidole, mapajani.

"Basi mwaka mzima amekuwa akila mezani kwangu, anajua."

"Mama, nilimwambia asi..."

"Nakuuliza lini tu. Umenijibu."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Thaddeus. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mazuri, yenye makali. Alifungua mlango akiwa na fulana, macho mekundu, na nilimwambia yote palepale kwenye ngazi: kwamba Mama alimlisha, kwamba yeye aliapa kwa kaburi, kwamba kikulacho ki nguoni mwako na mimi nilikuwa nimemvaa miaka kumi na minane.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakujitetea, na hilo liliniudhi zaidi. Aliingia jikoni, nami nikamfuata, akatoa kanda kwenye boksi la viatu na kuitia kwenye kinasa sauti.

Miaka mingi nimewaeleza watu kwamba nilimwambia Thaddeus ile siri nikilia, nimemwegemea, usiku wa majonzi. Nimeisimulia hivyo hadi nikaanza kuiona hivyo. Lakini kanda ilikuwa ya mchana. Nyuma ya sauti yangu ulisikika mlio wa gari la kukusanya takataka. Nilijisikia nikianza kwa sauti yangu, kisha nikihamia kwenye sauti ya Mama, ile ya chini, yenye South Carolina ndani yake. Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Nilikuwa nimesimama. Nikasikia hatua zangu zikienda mlangoni, na kisha, kutoka koo lilelile lililouza santuri laki tatu, kilio cha mtoto mchanga. Kikapanda, kikakatika. Kimya. Halafu sauti yangu ya kawaida, ya kazi, inauliza: "Hapo kwenye kilio, nirudie?"

Na Thaddeus: "Rudia."

Alizima.

"Ni kweli uliniambia nisitumie," alisema. "Ulisema baadaye, umeshavaa koti, unatafuta ufunguo. Nilijaribu, Dessa. Wallahi nilijaribu miezi yote ile. Mchezo ulikuwa hauna moyo, na moyo ulikuwa humo kwenye boksi la viatu."

"Nilikuamini."

"Nani huigiza siri?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu ambaye kweli angependa kujua.

Nilitafuta la kusema kuhusu Mama. Maneno yote yale niliyoyapanga yalikuwa ya Mama. Lakini kilichotoka kinywani ni hiki: "Halafu ukampa mwingine."

Tulitazamana. Nadhani hapo sote wawili tulifahamu kilichokuwa kikiniuma kuliko kingine, na hakuna aliyekuwa na adabu ya kutosha kukitaja. Nikaondoka. Sikumwona tena isipokuwa magazetini.

Mchezo ulikwenda New York ukakaa miaka miwili. Mimi pia nilipata kazi, maana jukwaa lina nafasi kwa mtu anayefika mapema na kukumbuka mistari yake. Niliigiza mashangazi, walimu, malkia mmoja. Kila kiangazi niliimba ule wimbo wangu kwenye maonyesho ya mitaani, kwa watu walioanza kuukumbuka kwa mapenzi. Na mwaka 1986, kikundi kimoja cha Cleveland kiliponipigia simu kunipa nafasi ya yule dobi, nilikubali. Wiki sita. Nyumbani nilisema nakwenda kuimba kwenye hoteli. Niliporudi, Mama alinipokea begi, akauliza kama Cleveland kulikuwa na baridi. Jina la mji nilikuwa sijamtajia.

Hakuwahi kunifukuza wala kunisimanga. Hilo watu hawalielewi ninapowaeleza. Wanangoja sehemu ya ugomvi. Mama alinipikia, aliniombea kwa jina mbele ya kanisa, alinituliza koo kwa maji ya ndimu na asali nilipougua. Tulizungumza kila siku. Alinieleza habari za mguu wake, za mchungaji mpya, za bei ya samaki, za jirani aliyenunua mbwa asiyebweka. Ila kuanzia Jumapili ile hakunieleza tena jambo lolote lililompata yeye. Nilimuuliza utoto wake, akasema ulikuwa utoto tu. Nilimuuliza alikutana wapi na Baba, jambo ambalo zamani alilisimulia hadi tukamsihi aache. Akasema, "Unajua wewe." Ellis hakupatikana. Hakuna barua iliyokuja. Kama alikuwa hai na aliuona mchezo, alipiga makofi na wengine, akaenda zake.

Mwaka 1993 figo zake zikakataa. Walimlaza kwenye chumba kinachotazama maegesho, na muuguzi wake wa asubuhi alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Verlene, aliyetoka huko huko Kusini alikotoka Mama. Siku moja nilifika mapema kuliko kawaida, nina mfuko wa matunda ya pichi mkononi, na kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti.

Ilikuwa sauti ya Mama, lakini iliyolegea, inayokimbia, yenye kicheko ndani.

"...dada yangu akasema, huyo nyumbu hana akili, mimi simpandi. Nikamwambia, Arletha, nyumbu ana akili kukushinda wewe, ndiyo maana hataki. Basi akavua viatu, akavifunga shingoni..."

Verlene alikuwa akicheka hadi anakohoa. "Ehe, mama yangu, ikawaje?"

Nilisimama pale ukutani. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, na sikuwahi kujua kwamba Mama alikuwa na dada. Arletha na nyumbu walishuka hadi mtoni. Palikuwa na mvulana upande wa pili, na tikiti maji lililoelea. Nilibana pumzi kama mtu aliye nyuma ya pazia. Ningesimama hapo hadi jioni. Lakini mhudumu alipita na kitoroli cha chai, akanisalimu kwa sauti, na mle ndani maneno yakakatika.

Niliingia. Verlene alikuwa akipanga mto ambao ulikuwa umeshapangika. Mama aliutazama mfuko mkononi mwangu, kisha dirisha.

"Mvua imeacha?" aliniuliza.

"Bado, Mama," nikasema, nikavuta kiti.