Malkia Habanduki Kitini

Usingizi unamkuta Malkia Mwanakheri kwenye kiti chake cha barazani, mchana kweupe, baada ya mgeni mmoja kuondoka na kabla ya mwingine kuingia, na mimi simlaumu, maana siku arobaini bila serikali si mchezo. Uchaguzi umekwisha, kura zimehesabiwa na kurudiwa, na hakuna aliyelipata bunge: Mheshimiwa Kombo Mwinyi ana viti arobaini na vinne, Bi Riziki Shaali arobaini na vitatu, na vile kumi na vinne vilivyobaki ni vya wagombea binafsi, watu wa leo hivi kesho vile. Katika nchi hii Malkia hachagui Waziri Mkuu. Katiba imemwachia swali moja, Je, una watu wa kutosha, na tendo moja: mwenye wabunge hamsini na mmoja, kwa majina na sahihi, Malkia anainuka na kumsindikiza mpaka getini, na akivuka geti ndiye Waziri Mkuu. Asiye nao anaondoka peke yake, na Malkia habanduki kitini. Rahisi, eti? Jaribuni nyinyi. Huyu ni mwanamke aliyelelewa kumsindikiza hata fundi wa mabomba, mgeni akishaaga tu magoti yake yananyanyuka yenyewe. Asubuhi hii Kombo amekuja bila orodha, amesema watu watakuja tu, amekunywa kahawa, ameaga, na Malkia ameng'ang'ania mikono ya kiti mpaka mgongo wa yule bwana ukapotea ngazini, huku aibu inamwasha usoni. Lakini anajua kwa nini anajikaza. Baba yake, marehemu Mfalme, aliwahi kuinuka kwa mtu asiye na watu, na jioni ile ile soko kuu likachomwa moto, wakafa watu saba. Basi anafumba macho, kidogo tu, na sauti inasema karibu na sikio lake, Naomba ruhusa niondoke, naye anainuka.

Loo! Ameinuka. Anataka kuketi upesi lakini kiti hakipo, kuna ngazi, anashuka, na geti lililo hatua thelathini tu linarudi nyuma kila anapolikaribia, mara ni geti, mara ni njia, njia nyeupe isiyo na mwisho, na ubavuni mwake anatembea mgeni. Malkia anamtazama usoni, na uso hauna kitu, hauna jicho wala pua, laini kama unga uliokandwa. Wewe nani? anamuuliza. Mimi ni yule uliyemwinukia. Nimekuuliza jina lako. Jina langu miguu yako inalo. Una watu wa kutosha? Ninao wote ambao hawajahesabiwa. Hilo si jibu, bwana! Basi hilo nalo si swali, anasema mgeni, na anaongeza mwendo. Malkia anataka kurudi. Jamani, anataka kurudi kuliko kitu chochote, lakini adabu ya kwao ni kwamba mgeni ndiye anayesema hapa panatosha, rudi, na kabla hajasema hivyo humwachi njiani, na huyu hasemi. Niambie panatosha, anamsihi, tafadhali sana, niambie. Mgeni anacheka bila mdomo. Njia inapinda, inajirudia, wanaipita nguzo ya simu ile ile mara tatu, na kila wakiipita Malkia anahisi nyuma yake watu wanajipanga, wanaandika, wanapiga picha, Malkia kashaamua, Malkia kashaamua, naye hajaamua neno, na wala si kazi yake kuamua.

Kisha njia imekuwa mji, na kuta za mji ni vioo vitupu. Katika ukuta wa kwanza anajiona akitembea na Kombo, na watu wanashangilia, wanarusha kofia juu. Katika wa pili anajiona na Bi Riziki, na watu ni wale wale, kofia zile zile, ila mikononi wana mawe. Anageuka, sasa Kombo ndiye anayepigwa mawe na Riziki anashangiliwa, anageuka tena, vioo vimebadilishana tena. Cha kweli ni kipi? Kile utakachokitazama mwisho, anasema mgeni. Katika ukuta wa tatu yumo baba yake, amemshika mkono rafiki yake mzee, wanashuka ngazi polepole, na nyuma yao soko linawaka kimya kimya. Baba! Malkia anagonga kioo. Baba, ulijua kwamba hana watu? Baba anageuka, na uso wake ni wake kabisa. Nilijua, mwanangu. Sasa mbona uliinuka? Ngazi zilikuwa na maji, anasema baba, na yeye mguu wake mbovu. Niliogopa ataanguka. Basi? Basi ni hilo tu. Machozi yanamtoka Malkia, ya hasira au ya huruma hata hajui, miaka thelathini amekuwa akidhani baba yake alipendelea, au alidanganywa, kumbe alimshika mzee mkono asianguke. Na wale saba? anauliza. Baba anainamisha kichwa. Wale ninao kila siku, anasema, na kioo kinabaki na uso wa Malkia peke yake.

Sitainuka tena, anasema kwa sauti, wallahi sitainuka kwa mtu yeyote. Ala, anasema mgeni, basi tupite kwa watu wako. Na hapo hapo wamo katika mji mwingine, ambako kila mtu ameketi mlangoni kwake. Katikati ya barabara kuna jeneza juu ya benchi, limefunikwa kitambaa cha kijani, na hakuna wa kulibeba. Nani amefariki? Mama yangu, anajibu mwanamke mmoja aliyeketi, macho yamemvimba. Mbona hamwendi kumzika? Tunangoja Malkia ainuke kwanza, na sisi ndipo tuinuke. Mmengoja tangu lini? Siku arobaini. Hebu inukeni, jamani, msindikizeni mama wa watu! Inuka wewe, mwanamke anamwambia, wala si kwa ukali, kwa uchovu tu. Malkia anajitazama, kumbe naye ameketi, kiti cha baraza kimemfuata mpaka huku, na vidole vyake vimeshika mbao. Anavivuta. Havitoki. Anavuta tena, na mgeni asiye na uso amesimama mbele yake akisema naomba ruhusa, naomba ruhusa, na kila akisema sauti inakuwa ya mtu mwingine, sasa ya Kombo, sasa ya baba, sasa ya yule mwanamke aliyefiwa, Mtukufu, Mtukufu, Bi Riziki anaomba ruhusa.

Ni Makame Faki, katibu wa kasri, amemwinamia sikioni. Bi Riziki amesimama mbele ya meza ndogo, kikombe chake kitupu. Malkia hakumbuki kumwona akiingia. Nimeshamuuliza? ananong'ona. Umemuuliza, Mtukufu, na amejibu. Wabunge hamsini na wawili, majina na sahihi, nimezikagua mara mbili. Malkia anaupekua uso wa Bi Riziki, macho yapo, pua ipo, kuna kidoa cheusi chini ya mdomo, lakini baba naye alikuwa na uso. Anapiga moyo konde. Vidole vinaachia mbao kimoja kimoja, magoti yanamuuma, anainuka. Ngazi ni kavu, anazihesabu zote, na geti liko pale pale, au linarudi nyuma kidogo, hana hakika. Nje ya geti kuna mngurumo mkubwa wa watu, na wallahi hawezi kutofautisha kama ni vigelegele au mayowe. Anamshika Bi Riziki mkono, na mkono umelowa jasho. Nawe unaogopa? Naogopa, Mtukufu. Naogopa sana. Malkia anajaribu kukumbuka ni lini hasa alifumbua macho, na hakumbuki. Lakini huyu mwenziwe anatetemeka, na mtu anayetetemeka humwachi akatoka peke yake, iwe ni ndoto au si ndoto. Anaukaza ule mkono, halafu anamwambia mlinzi afungue.