Donge Lenye Hamira

Nesi alikataza unga usiingie chumbani mwa mume wangu, na mimi nikauingiza.

Mume wangu alikuwa mwoka mikate. Maisha yake yote ya utu uzima alisimama mbele ya tanuri lile lile, kwenye bekari iliyo nyuma ya nyumba yetu, akivuta vumbi la unga kama watu wengine wanavyovuta hewa. Vumbi lile halina harufu ya hatari. Linanukia asubuhi njema. Lilimwingia taratibu, likakaa, na siku daktari alipotuonyesha picha ya mapafu yake, mume wangu aliitazama kwa muda kisha akasema, "Yamekauka kama mkate wa juzi. Haya ningemuuzia nani?" Daktari hakucheka. Mimi pia sikucheka. Alicheka yeye peke yake mpaka akakohoa.

Hakukuwa na dawa ya kuyarudisha. Tukapewa mashine ya oksijeni, ikakaa kando ya kitanda ikinguruma kama friji bovu, na mrija wake ukaenda puani kwake mchana na usiku. Nesi akawa anakuja nyumbani kumwangalia. Alikuwa dada mdogo wa umri, mwenye maneno machache, na mimi watu wa namna hiyo napatana nao.

"Mama," aliniambia tukiwa ukumbini, "ugonjwa hatuuwezi. Hofu tunaiweza. Akianza kuhaha, hofu inamla pumzi kuliko ugonjwa wenyewe. Kaa naye, upumue naye. Vuteni kwa pua polepole, toeni kwa mdomo polepole zaidi, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Na kama mnasali, salini kwa mwendo huo huo."

Mume wangu mwenyewe alinieleza kwa njia nyingine. Nilikuwa namnyoa ndevu asubuhi moja, akanishika mkono wenye wembe. "Kufa siogopi," akasema. "Naogopa kufa nikitapatapa, macho yamenitoka, na wewe unatazama. Nisaidie niende nimetulia. Sikuombi kingine."

Nikamwambia asiongee, nitamkata. Lakini nilimsikia, na kuanzia hapo sikuwa na kazi nyingine duniani.

Tatizo ni kwamba mimi na polepole hatujawahi kuelewana. Wateja wananiita Mama Chapchap. Hata kusali nilikuwa nasali kama ninavyoagiza unga kwa simu: nataja ninachotaka, nashukuru, nakata.

Basi mara ya kwanza kifua chake kilipofunga, ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anatafuta hewa kwa mdomo, mikono imekamata shuka, midomo imebadilika rangi. Nikasimama juu yake. "Vuta! Sasa toa! Vuta! Mbona hutoi? Toa!" Kadiri nilivyoamuru ndivyo alivyozidi kuhaha. Ilibidi binti yetu aje mbio kunisogeza, amkalishe baba yake, aongeze hewa ya mashine.

Alipotulia alinitazama. "Mke wangu, ulikuwa unanisalisha au unaongoza lori lirudi nyuma?"

"Nilikuwa nakusaidia."

"Chuo kizima ulichosoma, hawakuwafundisha kupumua?"

"Walitufundisha usimamizi. Ndiyo kazi niliyokuwa naifanya."

"Basi siku nyingine usisimamie. Kaa chini."

Nikakaa chini, siku iliyofuata na iliyofuata. Haikusaidia. Nilikaa mguu ukinichezacheza, na yeye akautazama mguu, na pumzi yake ikaufuata. Nilisali, maneno yakanitoka mbio, akabaki nyuma yangu akihema kama mtu anayekimbilia basi. Nikatoka nikaenda bekari, nikajifungia chumba cha kuoshea vyombo, nikafungua bomba hadi mwisho ili nilie bila kusikika.

Binti yetu akagonga mlango. Huyu ndiye mtoto wetu pekee, aliyerudi nyumbani kushika kazi ya baba yake. "Mama, bomba limefunguka muda mrefu."

"Naosha masinia."

"Masinia yote ninayo mimi huku."

Alisimama nje ya mlango mpaka nikafunga bomba.

Kesho yake mimi na binti tulikuwa bekari, mezani, tukikanda. Donge la mikate mikubwa tunalikanda watu wawili, mmoja huku mmoja kule, tunatazamana. Ndivyo tulivyofanya na mume wangu tangu tulipooana. Donge moja likiwa katikati huwezi kwenda kwa mwendo wako. Ukivuta, mwenzako anasukuma. Ukisukuma, pumzi inatoka yenyewe. Ukivuta, inaingia. Nikagundua kwamba nimesimama pale kwa muda mrefu na sijaharakisha hata kidogo. Mimi, Chapchap. Meza ile ndiyo mahali pekee ambapo mume wangu hakuwahi kuniambia nipunguze mwendo.

Na nikakumbuka kitu kingine. Alikuwa ananong'ona akikanda. Miaka yote nilidhani ni wimbo, nami sikujiunga naye kwa sababu mdomo wangu ulikuwa na shughuli ya kumtajia oda za siku. Haukuwa wimbo. Akivuta donge alisema, "Mungu, upo." Akilisukuma alisema, "Nami nipo." Basi. Sala nzima ilikuwa hiyo, kuanzia donge la kwanza la alfajiri mpaka la mwisho.

Unga mkavu unaruka. Unga uliokwisha kukandwa hauruki. Nikaukandia bekari, nikaupaka mafuta juu na chini badala ya kuunyunyizia unga mwingine, nikaoga, nikabadilisha nguo, nikafunga kitambaa kichwani, nikaingia chumbani na sinia limefunikwa kitambaa kibichi. Hamira sikutia. Donge lile halikuwa la kuoka, na chumba kile kilikuwa na joto. Lingeumuka likachafua mashuka.

Nikamwekea mto mapajani, sinia juu ya mto. Akafumba macho, akazamisha vidole. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi. Kisha ukafunga.

"Hili halina hamira."

"Si la kuoka, Mzee. Ni la kupumulia."

"Umeniletea maiti ya donge."

"Nimekuletea donge lisilochafua mashuka."

"Mimi mwenyewe sijafa, unanishikisha kilichokufa. Lirudishe."

"Likiumuka humu ndani, nani atalishughulikia?"

"Wewe," akasema, akapumzika kidogo ili apate hewa ya kumalizia. "Donge likishatiwa hamira, lazima mtu alifikishe kwenye tanuri. Nataka nishike kitu ambacho kuna mtu atakimalizia."

Nililibeba sinia nikiwa nimekasirika sana. Nilimkasirikia mpaka nilipofika mezani, hapo ndipo nikajua kuwa si hasira. Nikakanda jingine, nikatia hamira.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yetu ya kila alasiri. Mimi ukingoni mwa kitanda, yeye ameegemea mito, donge katikati. Tunavuta: Mungu, upo. Tunasukuma: nami nipo. Mwanzoni nilikuwa nachungulia saa. Kisha nikaacha. Kifua kilipoanza kumbana, mikono yake ilitafuta sinia kabla sijamwambia neno, nami nilitangulia kuvuta ili apate wa kumfuata. Wakati mwingine ilichukua muda. Lakini macho hayakumtoka tena. Tulipomaliza nilipeleka donge bekari, binti akalioka, nasi tukala mkate huo jioni, yeye akiuchovya kwenye chai kwa sababu kutafuna kulikuwa kunamchosha.

Nesi alitukamata siku ya tatu au ya nne. Alisimama mlangoni akanusa.

"Mama, nilisema nini kuhusu unga?"

Akamsogelea mume wangu, akamsikiliza kifua, akatazama mikono yake iliyotulia ndani ya donge. Akamrekebisha mrija puani. "Mimi sijaona sinia," akasema, akaandika yake, akaondoka.

Sitasema kwamba sala ilimponya. Haikumponya. Niliomba niachiwe, niliomba kwa jina lake kamili ili kusiwe na makosa, na sikupewa. Zilikuwepo siku alizoamka na sauti, akataka kujua kama binti ameacha kuunguza mikate, nami nikaanza kupanga mambo ya miezi ijayo kama mjinga. Halafu alasiri ikafika, mikono yake ikawa myepesi kuliko jana. Tulichopata ni nafasi ndogo kati ya pumzi na pumzi, ambapo watu wawili wanaweza kukaa bila kukimbia. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo bila kujua kuna nafasi hiyo.

Mwishoni hakuweza kusukuma. Nilisukuma mimi, mikono yake ikiwa juu ya yangu, mikavu, myepesi kama maganda ya vitunguu.

Siku ya mwisho dirisha lilikuwa wazi. Binti alikuwa anatoa mikate, na harufu ilitufikia. Mume wangu akasema, "Leo usiharakishe."

"Siharakishi."

"Unaharakisha moyoni. Nakusikia mikononi."

Nikatoa pumzi. Nikaanza upya. Akataka vidole vyake mwenyewe viingie ndani ya donge, nikavizamisha kimoja kimoja. Tukavuta. "Mungu, upo," akasema, kwa sauti niliyoisikia vizuri. Nikasubiri tusukume. Nikasubiri. Nilikuwa nimebana pumzi yangu nikimngoja, na alikuwa ametulia kabisa, macho nusu yamefumba, uso kama wa mtu anayesikiliza jambo chumba cha pili.

Nikasema mimi, "Nami nipo." Maneno yalikuwa yetu sote wawili. Sasa yalikuwa yangu peke yangu.

Mashine iliendelea kunguruma, ikimsukumia hewa asiyoihitaji. Nilitafuta kitufe cha kuizima, kitufe nilichokitazama kila siku, sikukiona.

Kisha nikafanya ninachokifanya siku zote. Nilimwita binti, nikamshika alipoanguka, nikampigia simu nesi, nikatandika mashuka safi, nikaagiza viti vipangwe uani. Majirani wakajaa. Kila mtu alisema nina moyo mgumu, na wengine walisema kwa sifa. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka chupa ya chai wakati jirani mmoja alipotoka chumbani na sinia mkononi.

"Mama, hili tulitupe?"

Donge lilikuwa limeumuka. Joto la chumba lilikuwa limefanya kazi yake. Vidole vyake vilikuwa vimeacha mashimo, na mashimo yalikuwa yanajaa kutoka chini, polepole, jinsi jeraha la mtoto linavyojifunga.

"Usiliguse!"

Nikamnyang'anya sinia, na hapo kifua changu kikafunga. Sijawahi kuumwa kifua maishani. Hewa ilikuwepo, watu wote wale walikuwa wanaivuta, lakini kwangu haikuingia. Nikajua ndivyo alivyokuwa anajisikia. Nilikuwa nimemtazama miezi yote na sikuwa nimejua.

Binti akanikamata mabega. "Mama, vuta! Toa! Mama, toa basi!" Sauti yangu mimi, amri zangu mimi, za kuongoza lori. Kama ningekuwa na hewa ningecheka.

Nikaenda bekari na sinia langu, yeye nyuma yangu, akafunga mlango. Nikaweka donge mezani. Nikaweka mikono juu yake, nikashindwa kuibonyeza. Kulikanda ni kuvifuta vidole vyake. Kuliacha ni kuvifuta vile vile, maana hamira haina habari na msiba. Lingejaa, lichachuke, linywee. Alilijua hilo. Alilijua siku ile aliponirudisha na donge lililokufa.

Binti akazunguka meza, akasimama upande wa baba yake.

"Anza, Mama."

"Siwezi."

"Basi tuvute tu. Kusukuma tutaona."

Tukavuta. Mdomo wangu ulisema "Mungu, upo" kwa mazoea, na saa ile sikuyapenda maneno hayo, na nilimwambia Mungu hivyo hivyo moyoni, bila kupamba. Mbingu hazikuanguka. Binti alikuwa ananitazama, akingoja. Nusu ya pili hakuijua. Baba yake alinong'ona, na yeye daima alikuwa upande wa tanuri. Nikaona kwamba nisipoisema, itaishia kwangu.

"Nami nipo," nikasema.

"Nami nipo," akasema.

Tukasukuma. Hewa ikatoka kifuani mwangu ndefu, na ilipokwisha, nyingine ikaingia bila kuitwa. Nilipotazama chini mashimo hayakuwepo. Nililia pale mezani, bomba likiwa limefungwa, nikiendelea kuvuta na kusukuma kwa sababu mwenzangu alikuwa anasukuma na kuvuta.

Tukalikunja, tukaliacha liumuke tena, tukalioka. Uani watu walikuwa wanaimba na kusali. Mkate ulitoka umeinuka vizuri upande wangu; upande wa binti ulikuwa umebana kidogo, hakusukuma vya kutosha. Nilifungua mdomo nimwambie. Alikuwa ameushika kwa kitambaa, machozi yanamdondokea mikononi, anaunusa. Nikayaacha maneno, nikatoa pumzi tu, polepole, kama mtu anayepuliza chai ya moto.