Ngumi Zilizofika Nyakasimbi

Kahigi alimpiga mhudumu wake Hagenimana ngumi ya mdomo mgahawani Kayanga, na jino likamtoka mama yake Kahigi kule Nyakasimbi. Ilikuwa asubuhi, watu wanakunywa supu. Hagenimana alijifuta mdomo kwa kiganja, akaona hakuna damu, akapeleka chapati meza ya dirishani.

Ugomvi ulianzia kwenye mashine mpya ya oda. Zamani mhudumu alisimama mlangoni pa jikoni akapaza sauti, "Ndizi nyama mbili, maharage moja!" na jikoni wakasikia. Sasa kulikuwa na kioo cha kubonyeza pale kaunta na kingine cha kusoma kule jikoni. Picha ya ndizi nyama na ya ndizi maharage zilikaa pamoja, zinafanana, na vidole vya Hagenimana vilikuwa vinene. Kahigi alikuwa akimpiga hata kabla ya mashine, lakini kwa kukadiria. Sasa kioo kilimwonyesha kila kosa, naye hakuruka hata moja.

Mashine haikumfungulia mhudumu asiye na namba ya kitambulisho cha taifa. Hagenimana alizaliwa na wakimbizi kutoka Burundi, hakuwa nayo. Fundi Jovin alipokuja kuifunga, Kahigi alimpa namba ya mama yake, Kokuberwa, kwa kuwa bibi huyo alikaa shambani na namba yake haikuwa na kazi. Tangu hapo Hagenimana alihudumia kwa jina la Kokuberwa, na Kokuberwa akapigwa kwa makosa ya Hagenimana.

Bibi alivumilia meno. Mfupa wa bega ulipovunjika, akiwa amebeba mkungu wa ndizi, alipanda bodaboda ya Cleophace akaja Kayanga, taya limefungwa kitambaa, mkono mmoja unaning'inia.

"Bosi, mama yako huyu," Cleophace alisema mlangoni. "Kama bado hajakutosha, mpige akiwa karibu. Barabara mbovu ile."

Wateja walicheka. Hagenimana aliinama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mimi?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe. Najitahidi nisikosee."

"Huna hata alama," Kokuberwa alisema, bila kinyongo. Akaketi, akamwambia mwanawe, "Kahigi, acha kumpiga huyu mtu."

"Mama, nisipompiga oda zitaharibika zote. Tatizo ni namba. Nitaibadilisha leo."

"Tatizo ni mkono wako."

"Mkono haumo kwenye mashine, Mama."

Akaagiza bibi aletewe supu isiyo na nyama, kwa sababu ya meno, kisha akamwita Jovin. Jovin alibonyeza hapa na pale, akasema jina haliwezi kutoka mpaka liingie jingine.

"Weka lako basi, bosi."

"Mimi nina presha," Kahigi alisema.

Jovin alikubali kwamba presha si ya kuchezea.

Kahigi akamgeukia Hagenimana. "Mkeo si alipata kitambulisho mwaka jana?"

"Alipata, bosi. Mama yake ni Mnyambo wa hapa."

"Nipe namba yake."

Hagenimana alianza kukusanya bakuli mezani. Kahigi hakumlazimisha. Alikuwa na picha ya kitambulisho hicho kwenye simu, tangu Uwiduhaye, mke wa Hagenimana, alipokuja kuomba kazi ya kuosha vyombo akakosa. Jovin akaiandika namba. Kahigi akamchapa Hagenimana kofi moja la kujaribu, kisha akapiga simu Nyakakika, kwake Hagenimana. Jirani alipokea, akasema Uwiduhaye ameanguka kwenye maharage, jembe bado liko mkononi, na damu inamtoka sikioni.

"Imekubali," Kahigi alimwambia Jovin.

Kokuberwa aliweka bakuli chini. Akaomba apelekwe nyumbani.

Hagenimana alivua aproni.

"Bosi, nitoe kwenye mashine. Nipeleke nyuma nikamenye ndizi."

"Wa ndizi analipwa nusu."

"Najua."

"Na ukinibakizia maganda nitakupiga."

"Ndicho ninachoomba, bosi. Unipige mimi."

Kahigi hakuona ubaya wowote. Alimchukua Deodatha, binti wa jirani, mwenye vidole vyembamba na namba yake mwenyewe. Jina lake likaingia, la Uwiduhaye likatoka. Hagenimana akakaa uani juu ya ndoo iliyofunikwa, kisu mkononi, utomvu wa ndizi umemtia weusi mpaka kwenye viwiko. Jioni ile Kahigi alikuta ndizi moja ina ganda. Alitoka nje na mwiko. Damu ilimtoka Hagenimana puani, ikadondokea kwenye shati lake, naye akaitazama vizuri kabla ya kuifuta. Kisha akaazima simu ya Deodatha, akampigia mkewe.

"Umesikia kitu?"

"Sijasikia kitu," Uwiduhaye alisema. "Sema kwa nguvu, hili sikio la kushoto halisikii."

Kahawa zilipoanza kuiva, mambo yalikuwa hivi. Kokuberwa alikuwa amepoteza meno matatu na mkono wa kushoto hauinuki. Uwiduhaye, sikio moja. Deodatha, jino la mbele, kwa sababu hata vidole vyembamba hukosea. Hagenimana, mbavu mbili, kidole gumba na jicho la kulia, vyote vyake mwenyewe.