Kifuniko cha Nyuma

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, mlango wa kioo wa duka la saa ulisukumwa kwa kiwiko. Aliyeingia alikuwa mwanamume mpana wa mabega, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, mikono yote miwili mifukoni. Alitoa mmoja na kuweka saa ya mkononi juu ya kaunta.

Fundi Sekunde alikuwa peke yake. Mwanamke huyo alipewa jina hilo na majirani wa jengo, maana mtu akimwambia anakuja sasa hivi, yeye humuuliza sasa hivi ya dakika ngapi. Meza, jiliwa la kubania vyuma na vibano alivirithi kwa baba yake. Siku kumi na tisa nyuma kaka yake, mpima ardhi, alikutwa mtaroni nyuma ya maghala, fuvu limepasuliwa kwa kitu butu, ngozi ya kifundo cha mkono wa kushoto imechunika pale saa yake ilipovutwa bila mkanda kufunguliwa. Polisi waliandika maelezo, wakasema watapiga simu. Hawakupiga.

Mteja alisema saa imeingia maji. Hilo lilionekana: ukungu chini ya kioo, na uso umetoka madoa kama dari inayovuja. Mtu aliiosha kwa sabuni huku kitufe cha kujazia saa kikiwa kimevutwa nje, kosa ambalo mafundi hulipokea kila wiki. Mkanda ulikuwa mpya, wa plastiki. Fundi alibandika lenzi jichoni, akaigeuza saa, akapenyeza ncha ya kisu chini ya sikio la mkanda, pale mkanda unaposhikana na saa, na kuinua. Kifuniko kikatoka.

Hapo ndipo alipokosea, na hakuna mwingine mjini ambaye angeweza kulifanya kosa hilo.

Kifuniko kilikuwa na mifereji sita pembeni, kama vile vya kuzungusha. Fundi yeyote angekitia ufunguo na kukizungusha mpaka jasho limtoke. Lakini baba yao alikitoa kwenye saa nyingine, akakichonga kikae kwa kubanwa, na upenyo wa kukifungulia akauficha chini ya sikio la mkanda. Walioijua siri hiyo walikuwa watatu, na wawili walikuwa kaburini. Mikono ya Fundi Sekunde iliitambua saa ya kaka yake kabla ya kichwa chake.

Upande wa ndani wa kifuniko aliona alama ambazo mafundi hukwaruza kwa sindano kila wanapoisafisha saa: pembetatu ya baba yake na mwaka, kisha mistari miwili na nukta, yake mwenyewe, mara nne. Kwenye ukingo, mahali ambapo sabuni haikufika, palikuwa na utando wa kahawia uliokauka.

"Dada," mteja alisema, "jana wenzako wawili wamehangaika na hicho kifuniko kutwa nzima. Wewe umekifunua kama sufuria ya kwenu."

"Mazoea, kaka."

"Mazoea na saa yangu? Nimekuletea lini?"

Aliiinamia saa tena. Mashine ya ndani ilikuwa ya kawaida, ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Ushahidi wote ulikuwa kile kisahani cha chuma, kipana kama mdomo wa chupa, nacho kilikuwa katika kiganja chake cha kulia. Alikifumba. Akamweleza mteja, kwa sauti ya kazini, kwamba saa inahitaji saa nzima kukauka, hivyo aende akanywe chai, akirudi atamkuta hapo.

Mteja aligeuka kana kwamba anatoka. Alipofika mlangoni alisukuma komeo.

Fundi alikuwa bado na lenzi jichoni, jicho la pili amelifumba. Mwenye lenzi huona unywele ulio karibu na pua yake, lakini mtu aliye hatua mbili mbele ni ukungu mtupu. Ngumi hakuiona. Ilimpata kwenye taya, lenzi ikaruka, naye akaangukia rafu ya saa za ukutani. Tatu zilimfuata chini. Mteja akaruka kaunta, akamkanyaga tumboni mara mbili, kisha akapiga goti juu ya mkono wake wa kulia.

"Fumbua."

"Ulimpiga na nini?" aliuliza Fundi. Damu ilikuwa imejaa kinywani na maneno yalitoka yamelowa.

"Fumbua, nitakuvunja kimoja kimoja. Utatengeneza saa kwa meno."

Alianza na kidole cha mwisho. Alikishika, akakikunja kinyume, kikavunjika kwa sauti ndogo, kavu. Fundi alipiga ukelele, lakini vidole vingine vilikaza zaidi. Cha pili kilichukua muda, kwa sababu ni kinene na kwa sababu Fundi alikuwa akimng'ata mteja pajani. Nacho kikavunjika. Mteja alimpiga kichwa sakafuni ili amwachie.

Mkono wa kushoto ulikuwa huru. Ulipapasa ukingo wa meza, ukagusa bakuli la benzini ya kuoshea vyuma, ukalivuta. Benzini yote ilimwagika usoni mwa mteja. Alinguruma, akajishika macho kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaendelea kupiga asichokiona: mguu wa meza, bega, sikio. Fundi aliokota bisibisi iliyoanguka pamoja na bakuli, akaizamisha juu ya goti la mteja mpaka mpini ukagota kwenye nyama.

Kioo cha mlango kilivunjika kutoka nje. Mzee Soli, mshona viatu wa duka la pili, alikuwa amesikia saa zikianguka na kudhani jirani yake amegombana na rafu. Ukelele ndio uliomsahihisha. Aliingiza mkono, akafungua komeo, na kwa nyundo yake ya kupigilia misumari akampiga mteja begani. Mfupa uliitika. Alipoinua tena, safari hii usawa wa kichwa, Fundi alimzuia.

"Mzee, muache hai. Wafu hawahojiwi."

Askari wawili walifika saa tatu na dakika thelathini na tano. Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu, ingawa alitumia kumi na tisa tu, alikuwa na maneno ya kutosha. Alisema, macho yamevimba, kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. Alileta saa isafishwe, mwanamke akaificha, na alipodai chake akachomwa bisibisi. Askari mkubwa alitazama goti lile, akatazama mkono uliofumbwa, akamwambia Fundi arudishe mali ya watu.

"Sirudishi," alisema. "Andika kwanza. Ni saa ya kaka yangu aliyeuawa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiisafisha. Kuna pembetatu na mwaka sabini na saba. Kuna mistari miwili na nukta, alama yangu, mara nne. Ya mwisho, mwaka juzi. Andika, afande, ndipo ufungue."

Aliandika, labda kwa udadisi.

Hospitalini, mkono ulikuwa umevimba na haukufunguka hata mwenyewe alipotaka. Mganga aliupiga sindano ya ganzi, akainua vidole kimoja baada ya kingine. Kifuniko kilikuwa kimezama katika nyama ya kiganja. Alikitoa kwa kibano, akakiosha upande wenye alama tu, ukingo wenye utando wa kahawia akauacha kama alivyoombwa, akamkabidhi askari pamoja na kioo cha kukuzia.

Askari mkubwa alikisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari ya daftari lake. Kisha alimwuliza mteja, aliyelala kitanda cha pili amefungwa kitambaa machoni, ndani ya saa yake kumeandikwa nini.

Mteja alisema hakuna kitu kilichoandikwa.

Saa nne na dakika arobaini na moja alifungwa pingu kwenye chuma cha kitanda.